Tunamkaba Mchoma Mkaa, Msitu Unaliwa na Shamba

Tangu Serikali ya Tanzania izitake taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, mjadala wa misitu umegeuka kuwa mjadala wa majiko. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mama anayetokwa machozi kwa moshi anastahili gesi. Hilo sina ubishi nalo. Ninachokataa ni kuaminishwa kwamba mtungi wa gesi ndio utakaookoa misitu ya miombo. Hautaiokoa, kwa sababu kinachoimaliza ni mashamba.

Takwimu za Serikali yenyewe zimekuwa zikitaja upotevu wa takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu maeneo yaliyopoteza msitu Tanzania Bara ulikuta chanzo kikuu ni kilimo, mahindi yakitangulia.

Watetezi wa vita dhidi ya mkaa watasema Dar es Salaam inakula mkaa kupita kiasi na misitu ya Kisarawe imechakaa. Ni kweli. Wengine watasema mbegu bora na mbolea ya ruzuku zitamtosheleza mkulima na ekari zake zilezile. Huenda, pale ambapo ardhi imekwisha. Palipo na pori la bure, zao likilipa watu huongeza ekari.

Tofauti kubwa kati ya mkaa na shamba iko kwenye kisiki. Mchoma mkaa akikata mti kama mtondoro na kuondoka, mvua zikinyesha kisiki kinachipua. Ndiyo maana huko Kilosa vijiji viliweza kutenga msitu wa mkaa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikavuna kimoja na kuruka kingine, kwa mzunguko wa miaka 24. Msitu unabaki msitu, na kijiji kinapata fedha za madarasa na zahanati.

Sasa nenda Liwale au Kilwa wakati wa kuandaa mashamba ya ufuta. Mkulima anatafuta pori jipya kwa kuwa lina rutuba na magugu machache, maana palizi ndiyo inayommaliza nguvu. Anafyeka, anasubiri miti ikauke, anatia moto. Miti mikubwa inaungulia palepale ilipoangukia, bila kupatikana hata gunia moja la mkaa wa kuuza. Chipukizi likithubutu kutokeza, linakwenda na jembe la palizi. Misimu michache baadaye ardhi imechoka, magugu yamezidi, naye anasogea mbele na panga lake. Simlaumu. Ufuta unalipa, na mnada wa stakabadhi ghalani unampa fedha ya kusomesha watoto.

Nawalaumu wanaopanga. Bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka Sh294 bilioni mwaka 2021/22 hadi zaidi ya Sh1 trilioni mwaka 2024/25. Ajenda ya 10/30 inataka ukuaji wa kilimo ufikie asilimia 10 kwa mwaka ifikapo 2030, na majukwaani wakulima wanahimizwa kupanua mashamba. Wapi? Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ipo tangu 2007, lakini vijiji vingi bado havina mpango, kwa hiyo hakuna mpaka kati ya shamba na msitu ambao mtu anaweza kuulizwa kwa nini ameuvuka. Halafu kijana mwenye magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli anakamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, huku aliyeteketeza ekari kumi za miombo akipongezwa kuwa mkulima hodari! Huo si uhifadhi, ni kuwaonea wanyonge.

Fedha za kupanga ardhi ya vijiji ziingizwe kwenye bajeti ya kilimo, zisiachiwe miradi ya wafadhili. Na wilaya inayotangaza ongezeko la tani za ufuta au mahindi ilazimike kutaja, katika taarifa hiyohiyo, hekta za msitu zilizofyekwa msimu huo.