Mwamba ukifungwa, watoto waambiwe kwa nini

KUPWA NA KUJAA
Na Salum Mwinyihaji

Supu ya pweza haihitaji kutangazwa. Jioni ikiingia, iwe Magomeni au Forodhani, sufuria halikosi wateja, hasa wanaume, kwa sababu wanazozijua wenyewe. Lakini muulize mmojawao pweza huishi muda gani, atabaki anapuliza bakuli lake.

Huishi mwaka mmoja, au zaidi kidogo tu. Pweza wetu wa miambani huanguliwa akiwa mdogo kuliko punje ya mchele, akachukuliwa na mkondo, kisha akapata shimo na kuanza kula kaa kwa pupa mpaka afike kilo kadhaa. Jike hutaga mara moja maishani. Mayai huyaning'iniza darini mwa shimo, maelfu kwa maelfu, akayapepea maji na kuyalinda bila kwenda kutafuta chakula. Yakianguliwa, naye hufa. Anayemchomoa jike huyo kwa nondo amepata kitoweo cha siku moja na amemaliza uzazi wote.

Ukishalijua hilo, kufunga mwamba, usivuliwe kwa muda, hakukupi taabu kuelewa. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, waliacha sehemu ya mwamba wao ipumzike kwa miezi kadhaa, na ulipofunguliwa wakatoka na pweza wakubwa. Pemba nako, Kisiwa Panza, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa zamu. Pweza hukua upesi, kwa hiyo malipo ya subira hayachelewi.

Kwa nini basi watu huiba usiku kwenye mwamba uliofungwa? Viongozi wetu hujibu kwa doria na faini. Sizikatai. Ila kijana aliyeambiwa "usivue" bila kuambiwa habari za yale mayai, ataona amenyimwa riziki na wakubwa wenye njama zao, na mimi simlaumu sana.

Chumbe wameonyesha njia nyingine. Tangu kisiwa hicho kiwe hifadhi mwaka 1994, waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi, na wanafunzi wa Unguja hupelekwa wakavaa miwani, wakatazama matumbawe yakiwa hai. Mtoto wa pwani kuona mwamba kwa mara ya kwanza akiwa ziarani ni jambo la kutufedhehesha sisi watu wazima. Na kisiwa kimoja hakiwezi kufundisha pwani nzima.

Walimu wengine tunao majumbani. Kina mama wa Makunduchi na Jambiani huenda pwani maji yakipwa, na shimo lenye pweza hulitambua kwa mbali: mlangoni pana magamba mapya ya kaa, mabaki ya mlo wake. Wanajua pia kwamba anayevunja jiwe kwa mtaimbo amebomoa nyumba ambayo pweza mwingine angeihamia. Elimu hiyo haijawahi kukaribishwa darasani, eti kwa kuwa haina cheti.

Walimu wakuu wa shule za pwani, hili halingoji bajeti wala boti. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yetu hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, wakati wa vipindi. Muombeni mama mmoja wa kijijini awatangulie, mkawatoe watoto wa darasa la tano mpaka mwambani. Nondo ziacheni nyumbani.