Seva ya pili inajua nini?

Usiku wa Aprili 9 kuamkia 10, 2014, watu wa majimbo saba ya Marekani walipiga namba ya dharura, 911, bila kupokelewa. Hapakuwa na dhoruba wala nguzo iliyoanguka. Huko Englewood, Colorado, programu inayoipa kila simu namba yake ilifika ukomo wa hesabu iliyowekewa, ikagoma. Kituo cha pili, Miami, kilikuwa kizima, ila simu hazikuhamia huko zenyewe. Saa sita zikapita, na simu zaidi ya 6,600 hazikufika.

Hapa kwetu ofisi na benki zinahamishia simu zao kwenye intaneti, na kila muuzaji anakuja na kauli ileile: msiwe na wasiwasi, seva ziko mbili. Sawa, mbili. Ya pili inajua nini?

Kwenye simu hizi sauti hukatwa vipande, kwa kawaida kimoja kila milisekunde 20. Nani anaongea na nani, na kwa njia ipi, seva kuu hukumbuka. Ikizima ghafla, ya akiba huweza kurithi anwani yake kwa sekunde chache, taa zote zikawaka kijani. Lakini kama haikuwa ikipewa nakala ya simu zinazoendelea, inapokea vipande vya sauti isivyovijua, inavitupa. Mama aliyekuwa akielekezwa namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa anabaki na "haloo? haloo?" Simu ya mezani nayo, iliyojisajili kwenye seva kuu kwa saa nzima, yaweza kujiona iko hewani huku haiiti hata mara moja. Fundi akitazama kioo chake, haoni kosa.

Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini Mei 12, 2024, Afrika Mashariki nzima iliuliza njia ya akiba iko wapi. Swali hilo halijaingia chumba cha seva.

Hospitali, polisi na zimamoto wasipokee mtambo kwa kuonyeshwa mchoro. Waya wa seva kuu uchomolewe watu wakiwa wanaongea, simu zilizokatika zihesabiwe, na mamlaka za mawasiliano zidai hesabu hiyo kwa maandishi. Tena jaribio lifanyike saa nne asubuhi laini zimejaa, si saa nane usiku wakati hakuna anayeongea.