Anapofutwa ni biashara, anapogura ni usaliti

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, neno moja huanza kutembea Kisumu, kutoka vituo vya bodaboda vya Kondele hadi vibanda vya samaki vya Dunga: msaliti. Anayebandikwa jina hilo ni mwanasoka aliyegura Gor Mahia kutafuta riziki kwingine. Akivuka mpaka atasemwa wiki mbili. Akivuka kwenda kwa watani wao AFC Leopards, Ingwe, ndiyo usiseme. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kijana huyo aliondoka akidai mishahara ya miezi mingapi.

Sisi tunauliza, na uamuzi wetu tunautoa mapema: klabu isiyolipa mshahara haina haki ya kudai uaminifu kwa mtu yeyote.

Tazama jinsi tunavyopima watu kwa mizani miwili. Kocha Frank Nuttall aliiongoza Gor kumaliza ligi ya 2015 bila kushindwa hata mechi moja kati ya 30. Kabla ya katikati ya 2016 alikuwa ameshafunga virago. Hapo hakuna aliyetaja uaminifu; ilisemwa kwamba kazi ni kazi. Zé Maria akaenda Albania 2017, Dylan Kerr akaenda Afrika Kusini 2018, Jonathan McKinstry akaitwaa ligi mara mbili kisha akaelekea Gambia 2024. Wote hao tuliwaaga kwa mikono na kuwatakia kila la heri. Mzungu akipanda ndege, amepanda cheo. Kijana wa Nyalenda au Homa Bay akipanda basi la Dar es Salaam, ameuza jamii. Hesabu hii ameifanya nani?

Ukweli wa mambo unaanzia Agosti 2019. Kampuni ya kamari ya SportPesa, ikiwa katika mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi, ilivunja udhamini wake wote wa michezo nchini, ukiwemo wa Gor, wa AFC Leopards na wa ligi yenyewe. Huo ulikuwa uamuzi wa kibiashara, na kampuni haiwezi kulazimishwa kuipenda timu. Lakini klabu iliyokuwa imetundika maisha ya wachezaji wake wote kwenye msumari mmoja haikuwa na msumari wa pili. Mishahara ikaanza kuchelewa, mwezi ukaingia mwezi. Vijana hao hao waliocheza bila malipo ndio waliokuwa kileleni korona ilipoikatiza ligi mwaka 2020, na Gor ikatawazwa bingwa.

Ni uaminifu gani mwingine tuliokuwa tukiutaka?

Kufikia wakati huo njia ya Tanzania ilikuwa imeshafyekwa. Meddie Kagere alikwenda Simba 2018 na katika msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa ligi ya huko kwa mabao 23. Francis Kahata alimfuata 2019, Joash Onyango 2020, naye Kenneth Muguna akatua Azam 2021. Hatudai kwamba kila mmoja wao aliondoka kwa njaa. Mwingine alitaka kombe, mwingine alitaka changamoto mpya, na hayo pia ni haki ya mfanyakazi ambaye miguu yake ina miaka kumi tu ya soko. Tunachosema ni kwamba nyuma ya Simba yuko tajiri Mohammed Dewji, nyuma ya Azam iko familia ya Bakhresa, na nyuma ya Gor kulikuwa na nambari ya M-Pesa ya kuchangisha mashabiki.

Mchango wa mashabiki tunauheshimu. Mama muuza omena wa soko la Kibuye aliyetuma shilingi mia moja ili timu isafiri ametimiza wajibu wake na kuuzidi. Lakini harambee hulipa karo ya mwaka, hujenga paa la kanisa, huzika maiti. Haiwezi kulipa mishahara ya wachezaji tarehe 30 ya kila mwezi. Uongozi unaotegemea harambee kwa gharama za kila siku umegeuza mapenzi ya maskini kuwa mdhamini.

Wazee hutujibu kwa mfano wa 1987. Vijana wa Gor wa wakati ule, wanasema, walichukua Kombe la Mandela mbele ya Espérance ya Tunisia, sare ya 2-2 ugenini na 1-1 Nairobi, na hawakuulizia pesa. Ni kweli walicheza kwa mapenzi, na heshima yao haitafutika. Ila wengi wa wanasoka wa enzi hizo walikuwa na ajira mahali pengine. Asubuhi walikuwa makarani na mafundi, jioni wakavaa kijani. Mapenzi yao yalilishwa na mwajiri mwingine. Mchezaji wa leo amezuiwa na kandarasi yake kufanya kazi nyingine, anafanya mazoezi asubuhi, kisha anaambiwa aige mfano wa mtu aliyekuwa na mshahara.

Hapa ufuoni tunaielewa haki hii vizuri mno tukiwa majini. Mwenye mtumbwi hawezi kuwakesheza vijana wakivua omena kwa taa, kisha kukipambazuka awape wimbo badala ya mgao wao. Jioni yake mtumbwi hautang'oa nanga, na hakuna atakayewaita vijana hao wasaliti.

Sheria nayo haina utata. Tangu 2018 kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji anayedai mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, mradi awe ametoa notisi ya maandishi na kumpa mwajiri siku 15 za kulipa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haikuandika popote kwamba mshahara wa mwanasoka ni hisani. Na wale wachezaji wanaotoroka kambi bila notisi, au wanaotia saini mikataba miwili kwa klabu mbili, hatuwatetei. Hao ni wavunja mikataba sawa na waajiri wao, na Mahakama ya Kutatua Mizozo ya Michezo iwashughulikie.

Bili ya haya yote ilikuja 2023. Kenya ilikuwa imetoka kifungoni mwa FIFA Novemba 2022. Gor ikapigana msimu mzima ikanyakua taji lake la 20, na Ligi ya Mabingwa Afrika ikawa mbele yake. Ikafungiwa mlango. Klabu haikupata leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kwa sababu ya madeni ya wachezaji na wakufunzi waliokwisha kuondoka. Awali FIFA ilikuwa imeshaizuia kusajili kwa sababu ya aina hiyo hiyo ya madeni. Kwa hiyo wale tuliowaita wasaliti na kuwasahau ndio walioamua, kwa stakabadhi zao, kama Gor itacheza Afrika au itabaki nyumbani. Bingwa wa nchi akatazama mashindano kwenye televisheni.

Gor si peke yake katika ukanda huu. SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa 2006, ilifukuzwa Ligi Kuu Novemba 2019 baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Chemelil ikashuka mwaka uliofuata. Viwanda vya sukari vilivyozidhamini vilikuwa vikidaiwa na wakulima wa miwa, na anayemnyima mkulima hatamkumbuka kipa. Kenya Power ikaiacha Western Stima, iliyokuwa ikituchezea hapa Moi Stadium. Kampuni ina haki ya kuondoka. Haina haki ya kuondoka katikati ya msimu huku vijana wakiwa na kodi ya nyumba mezani.

Shirikisho la soka la FKF lina lawama yake. Ukaguzi wa madeni ufanywe kabla ya mechi ya kwanza ya ligi, wala usisubiri CAF itufanyie. Timu yenye malimbikizo ya mishahara isiruhusiwe kusajili hata mchezaji mmoja. Nayo Serikali ya Kaunti, iliyotujengea uwanja Mamboleo, ikumbuke kwamba Kisumu All Stars iliyodhaminiwa kwa pesa za umma ilipanda Ligi Kuu 2019 na haikudumu. Nyasi nzuri hazilipi kipa.

Kwa uongozi wa Gor Mahia tuna agizo moja. Kabla ya kuzindua jezi nyingine au kumtambulisha mchezaji mwingine mbele ya kamera, waonyesheni wanachama daftari la madeni ya mishahara: anayedai, kiasi anachodai, na tarehe ya kumlipa. Nanyi wanachama, msipige kura tena kabla hamjaliona.