Si Hofu Inayolilinda Ziwa Nyasa

Kwenye mashine za kukoboa mpunga hapa Madibira, mjadala wa Ziwa Nyasa huishia palepale: Malawi hawathubutu, jeshi letu wanalijua. Kauli hii inapendwa kuanzia Mbarali hadi Kyela, na wasomi wetu nao wanairudia. Si kweli, tena ni ya hatari, maana inatufanya tuwaone wanaojadiliana kuwa wapoteza muda.

Septemba 1968, Rais Kamuzu Banda alitamka kwamba mpaka halisi wa Malawi uko maili 100 kaskazini mwa Mto Songwe. Pima maili hizo kwenye ramani: unaupita mji wa Mbeya, unaingia Usangu, unayakaribia majaruba haya haya. Jeshi letu, JWTZ, lilikuwa na miaka 4 tu tangu liundwe. Maneno yalikuwa makali, lakini risasi haikulia.

Mwaka 2012 mgogoro uliwaka tena, baada ya Malawi kutoa kibali cha kutafuta mafuta ziwani. Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaouweka mpaka kwenye ufukwe wetu. Sisi tunasema mpaka upite katikati ya maji. Wapo viongozi wetu waliotamka hadharani kwamba jeshi liko tayari.

Sasa nawauliza wanaosifu hofu: katika ugomvi huu mwenye nguvu ni nani? Ni sisi. Malawi haikuwa na jeshi la kututisha. Mbona hatukuvuka? Kilichotuzuia ni mazungumzo, na baadaye usuluhishi wa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Hofu haiwezi kueleza utulivu wa yule asiye na wa kumwogopa.

Watanitajia vita ya Kagera. Nami naitaka Kagera. Oktoba 1978 tulikuwa na jeshi, na Idi Amin wa Uganda alivuka. Yeye naye alikuwa na vifaru, ndege za kivita na askari wa Libya nyuma yake, na havikutuzuia kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Pande zote mbili zilikuwa na silaha za kutisha na hakuna aliyetishika. Hoja yao yenye uzito ni moja: Mkataba wa Mogadishu wa 1972 uliyarudisha majeshi nyuma ya mpaka, na Amin akapita penye uwazi. Kweli, alipita. Lakini mkataba ule ulituvusha miaka 6, na haukutunzwa, huku uhasama kati ya Kampala na Dar es Salaam ukiendelea kama kawaida. Mkataba usiotunzwa ukivunjika, lawama ni ya waliouacha. Vita iliyofuata iliuangusha utawala wa Amin, na iliacha uchumi wetu hoi kwa miaka mingi.

Mkulima wa Madibira ana sababu yake ya kuyajali mazungumzo. Mwaka 2025 Malawi ilizuia bidhaa zetu kadhaa za shambani, mchele ukiwemo. Aprili tukajibu kwa kuzuia za kwao. Mwenye gunia la mchele aliyetegemea soko la ng'ambo ya Kasumulu hakusaidiwa na kifaru hata kimoja. Zuio letu liliondolewa ndani ya siku chache, mawaziri wakakaa mezani.

Sisemi JWTZ livunjwe. Nchi isiyo na ulinzi haina hata cha kujadili. Nasema tusilipe jeshi sifa ya kazi iliyofanywa na wengine. Mwaka 2017 nchi hizi mbili zilisaini mkataba wa kuwa na kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, mto ambao mafuriko yake huuhamisha mpaka wenyewe. Kazi ya namna hiyo haipigiwi gwaride, na ndiyo inayowaacha wavuvi wa Matema walale majumbani mwao.

Mpaka wa ziwa bado haujaamuliwa. Wabunge wa Mbeya, Njombe na Ruvuma, ulizeni bungeni usuluhishi umefikia wapi, na msikubali kujibiwa kwamba tuko imara.