Njia Tano za Akiba, Hakuna Iliyofanya Kazi

Vijana wetu wengi huku ughaibuni wanaajiriwa kutengeneza na kutunza tovuti. Sisi wazazi, shangazi na wajomba huwapa usia uleule: fuata kanuni za kazini, usigombane na bosi. Usia mzuri, lakini haujakamilika.

Tazama yaliyoikuta GitLab, kampuni inayowahifadhia watengenezaji wa programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja alikuwa akihangaika kurekebisha seva ya akiba. Akatoa amri ya kufuta data, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alishtuka na kuisimamisha mara moja, lakini kati ya gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5 tu.

Kanuni zilikuwepo. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Nakala ya kila siku ilikuwa haitengenezwi, na barua pepe za kuonya kuhusu hilo zilikuwa zikikataliwa njiani. Baadaye kampuni ilikiri kwamba hakuna mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuzijaribu nakala hizo. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi yuleyule aliitengeneza mwenyewe takriban saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa.

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili. Fomu ya wodini inaweza kuwa na alama ya vema kila mstari, na bado hakuna aliyemtazama mgonjwa.

Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Fundi hakujificha, na kampuni haikumtoa kafara. Walitangaza hadharani, wakaonyesha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye YouTube, na ripoti yao haikumtaja jina. Hakufukuzwa. Data ya saa sita ilipotea, lakini kila mtu alijua nini cha kurekebisha.

Kwa mhamiaji, kusema si rahisi. Hapa Uingereza wengi wana viza iliyofungamana na mwajiri mmoja. Kazi ikiondoka, kibali nacho kinatikisika. Ndiyo maana kijana anaweza kuona onyo kwenye skrini akanyamaza, akijiambia kwamba si kazi yake. Lakini wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi akipiga simu mwisho wa wiki, usimuulize tu kama bosi anaridhika naye. Muulize: kazini kwenu mtu akiona tatizo anamwambia nani, na akishasema hutendewaje? Mhimize atoe taarifa kwa maandishi na abaki na ushahidi kwamba alisema. Na kama anayesema huadhibiwa, aanze kutafuta kwingine mapema, kibali kikiwa bado kina muda.