Bastola ya mteja na tangazo la mwenye duka

TABORA: Masoko ya tumbaku yanapofunguliwa, mji wa Tabora hubadilika sura. Gesti hujaa, baa huongeza viti, maduka ya mabati na pikipiki hupokea mizigo mipya, na wafanyabiashara kuanzia Sikonge hadi Urambo na Kaliua huhesabu siku za wakulima kulipwa. Siku hizi malipo ya tumbaku hupitia vyama vya msingi na akaunti za benki, lakini safari ya fedha hiyo haiishii benki. Hutolewa, hugawanywa, na hatimaye huingia sokoni ikiwa noti mkononi. Na penye noti nyingi pana watu wenye silaha.

Wanaozungumziwa hapa si majambazi. Jambazi hasomi tangazo lililobandikwa mlangoni, na hakuna mwenye duka anayetegemea karatasi kumzuia. Anayezungumziwa ni mteja halali: mnunuzi wa dhahabu anayetoka Nzega au Igunga, mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye kituo cha mafuta anayepeleka mauzo benki. Ana bastola, ana leseni yake, na hana nia mbaya na mtu. Anafika kwenye benki, hoteli au baa ambako tangazo linasema silaha haziruhusiwi. Anashusha shati, anapita na kukaa.

Wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Hoja yao ni kwamba mtu aliyechunguzwa na polisi mpaka akapewa leseni hawezi kuzuiwa na karatasi ya mwenye baa. Hoja hiyo ina kasoro ya msingi. Leseni inayotolewa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991, ni makubaliano kati ya mwenye silaha na serikali. Inamruhusu kumiliki kitu ambacho mwingine akikutwa nacho atafungwa. Mlango wa mtu mwingine haumo katika makubaliano hayo. Mwenye leseni ya udereva naye amechunguzwa na kupasishwa, lakini hana haki ya kuegesha gari ndani ya ghala la jirani.

Kwa mji huu suala la silaha na biashara si geni. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo mpaka Unyanyembe na kuendelea Ujiji, iliendeshwa kwa pembe, nguo, shanga na baruti. Mwaka 1871 Mirambo alipousimamisha msafara uliokuwa ukielekea Ujiji, kwa maelezo ya Henry Morton Stanley aliyekuwepo Unyanyembe wakati huo, alidai mapipa 5 ya baruti, bunduki 5 na marobota 5 ya nguo. Anayesoma taarifa za soko ataona jambo moja katika hesabu hiyo: bunduki ilikuwa sehemu ya bei ya kupita. Mirambo alipokea alichodai, kisha akaurudisha msafara ulikotoka. Vita vilivyofuata viliifunga njia, na bei ya pembe ikapanda.

Kufikia mwaka 1888 Balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukajaribu kuzuia biashara hiyo, kwa faida ya wakoloni zaidi kuliko ya wenyeji. Mtemi Isike wa Unyanyembe, alipozidiwa na Wajerumani katika boma lake hapa Tabora mwezi Januari 1893, alilipua ghala la baruti akiwa ndani.

Silaha za zamani zilikuwa na sifa moja muhimu kwa mwenye nyumba: zilionekana. Gobore halifichiki chini ya shati. Hata sungusungu, walipoanza Unyamwezini na Usukumani miaka ya 1981 na 1982 kupambana na wizi wa ng'ombe, walibeba pinde na mishale mbele ya macho ya watu, na kila aliyewaona alijua nani kaja na kaja na nini. Kwa namna hiyo mwenye nyumba aliweza kuamua kumkaribisha mgeni au kumwomba aache silaha nje. Bastola iliyofichwa inamnyang'anya uamuzi huo. Anamhudumia mtu kwa masharti aliyoyaweka yeye mwenyewe, kumbe masharti yamekwisha kubadilishwa na mteja bila taarifa.

Madhara yake ni ya kibiashara kabla hayajawa ya jinai. Mwenye baa aliyekataza silaha ameajiri wahudumu, amekaribisha familia, amepanga bei na saa za kufunga kwa kuamini kwamba ugomvi ukizuka ndani utaishia kwenye ngumi na chupa. Mteja mmoja mwenye bastola anabadilisha hesabu yote hiyo, na hatari anayoileta wanaibeba wengine: keshia, mpishi, na mkulima aliyekaa meza ya pili na mkewe. Hawa hawakuulizwa. Mwezi Januari 2020, katika klabu moja ya usiku jijini Nairobi, mpiga muziki alipigwa risasi shingoni akiwa kazini. Si majambazi waliovamia klabu ile.

Wapo wanaojibu kwa kutaja Nairobi hiyo hiyo, na jibu lao linastahili kusikilizwa. Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate na kuua watu 67, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuokoa wateja walikuwamo raia wenye bastola zao za leseni. Bila watu hao idadi ingeongezeka. Anayesema silaha ya raia haijawahi kumwokoa mteja dukani hasemi kweli.

Hata hivyo, raia wale waliingia Westgate baada ya shambulio kuanza, wakitokea nje, kuitikia wito wa kuokoa. Hawakuwa wateja waliokuwa wakinywa bia na bastola kiunoni kinyume cha amri ya mwenye jengo. Na somo ambalo wenye majengo ya biashara wa Nairobi walilichukua baada ya siku ile lilikuwa kukaza upekuzi mlangoni, kwa walinzi na vifaa vya kugundua chuma. Wao ndio waliopata hasara, na hawakuwaambia wateja waje na bastola.

Sheria ya nchi inamsaidiaje mwenye duka wa Tabora? Kwa sehemu tu. Kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu anayeingia kwenye mali ya mwingine kwa nia ya kutenda kosa, kutisha, kutukana au kuudhi; kinamgusa pia aliyeingia kihalali kisha akabaki isivyo halali kwa nia kama hiyo. Mteja aliyeficha bastola ataponyoka hapa kirahisi. Atasema hakuja kumtisha mtu, na ushahidi wake ni kwamba aliificha! Kinachobaki kwa mwenye duka ni haki ya kawaida ya kumwambia aondoke. Akikataa kutoka, ndipo jambo linasogea kwenye jinai. Lakini mwenye duka hawezi kumfukuza mtu kwa kitu asichokiona.

Nchi nyingine zimelitazama tatizo hili kwa undani zaidi. Texas, jimbo la Marekani linalojulikana kwa kupenda bunduki, sheria yake imeeleza hadi maneno ya tangazo: liwe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue urefu wa inchi moja, liwekwe mahali linapoonekana. Mwenye leseni akipita tangazo hilo na silaha iliyofichwa ametenda kosa, hata kama hakumtisha mtu. Asipoliona tangazo la namna hiyo, anaruhusiwa kupita. Hawaii iligeuza mambo mwaka 2023 kwa sheria iliyosema kwamba pasipo idhini ya mwenye mali silaha haiingii, na waliopinga wakaifikisha shauri hilo hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2000, ilimpa waziri uwezo wa kutangaza maeneo yasiyoruhusiwa silaha.

Kwa Tabora, kanuni ya Texas ina faida moja ya kibiashara ambayo ile ya Hawaii haina: inamlazimu mwenye duka aseme anachotaka. Matangazo mengi yanayobandikwa milangoni mwa biashara zetu ni mapambo. Yamepauka, yamefunikwa na kalenda ya kampuni ya simu, au yameandikwa kwa Kiingereza kwa wateja wanaozungumza Kiswahili na Kinyamwezi. Mwenye biashara wa namna hiyo akilalamika kwamba amri yake imevunjwa, swali la kwanza ni kama aliitoa.

Swali la pili ni gumu zaidi, na wenye biashara hawapendi kuulizwa. Mteja aliyesafiri na fedha na silaha kutoka Nzega, amefika kwenye gesti saa mbili usiku, ameliona tangazo na anataka kulitii. Aiweke wapi bastola yake? Kwenye gari ni kumkaribisha mwizi, na bastola iliyoibiwa ni mtaji wa jambazi kwa miaka mingi. Kumkabidhi mhudumu wa kaunta haiwezekani, kwa sababu leseni ni ya mtu mmoja na silaha yake. Mhudumu akiipokea bila kibali naye anaingia matatani. Kituo cha polisi kinaweza kuihifadhi, lakini siyo kila baa iko jirani na kituo. Anayekataza bila kutoa njia anamfundisha mteja mwaminifu kuficha. Hapo lawama ni ya pande mbili, ingawa hazilingani: mteja anayo njia nyingine, ya kwenda kulala kwingine.

Lipo pia kundi ambalo tangazo halilitaji: askari wasiovaa sare na walinzi wa wakubwa. Machi 2017, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alionekana kwenye picha za kamera akiingia usiku katika ofisi za Clouds Media, kampuni binafsi, akiwa na askari wenye silaha. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliunda kamati kuchunguza, na mara baada ya kupokea ripoti yake akaondolewa katika wadhifa huo. Silaha zile hazikufichwa, na hakuna aliyeuliza mlangoni. Mwenye gesti mdogo wa Tabora aliyefuatilia habari ile hawezi kulaumiwa akifikiri kwamba karatasi yake inawahusu wateja wanyonge tu. Askari aliye kazini ana mamlaka yake na hakuna anayetaka akaombe ruhusa kumfuata mhalifu. Aliyekuja kunywa baada ya kazi ni mteja kama wengine, na tangazo linamhusu.

Serikali imefanya sehemu yake kwa upande wa umiliki. Kulikuwa na uhakiki wa silaha mwaka 2016, na mwaka 2022 na 2023 ukatolewa muda wa msamaha kwa waliotaka kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Hatua hizo zinahusu nani anamiliki nini. Anaingia nayo wapi ni suala lililoachwa kwa mwenye mlango, na kwa ukanda huu ulio jirani na njia za Burundi na Kongo, ambako vita vya majirani vimeleta silaha za kila aina, halikupaswa kuachwa kwake peke yake.

Bunge linaweza kuongeza kifungu kinachomfanya mwenye leseni awajibike anapopita tangazo lililo wazi. Hilo litachukua muda. Chemba ya wafanyabiashara mkoani, TCCIA, haihitaji kusubiri: inaweza kukubaliana na polisi juu ya tangazo moja la Kiswahili kwa biashara zote, lenye maneno yale yale na herufi za kusomeka, likieleza na kituo cha karibu kinachopokea silaha kwa hifadhi, usiku na mchana, hasa wakati wa masoko. Hoteli kubwa zilizokwisha kuajiri kampuni za ulinzi zenye silaha halali zinaweza kuomba utaratibu wa kisheria wa sefu mlangoni, mteja apewe stakabadhi na aondoke na mali yake asubuhi.

Gharama ya sefu, ya mlinzi anayejua kusoma leseni na ya daftari la kuandikia itamwangukia mwenye biashara, naye ataipeleka kwenye bei ya chumba na ya soda. Wakulima wa Urambo watailipa wakija mjini na fedha ya tumbaku, kama wanavyolipa nauli na ushuru wa soko.