Pasipoti Mbili, Dhamiri Moja

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu Mtanzania mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Anayejipatia uraia wa ugenini hupoteza wa kwao. Ndiyo maana wapo wanaoficha pasipoti ya pili, ili wakae Matombo au Mgeta bila kuhesabu siku 90 za viza. Uongo huo hatuubariki. Lakini kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mamaye, na shamba hufuata ukoo. Je, ni haki aje kumzika mama kama mgeni? Kenya iliruhusu mwaka 2010. Hadhi maalumu iliyofikishwa Bungeni mwaka 2024 si uraia. Tuwaombe wabunge wetu sheria iliyo wazi, ili asiwepo wa kudanganya mpakani.